Jina Chini ya Kikombe

Baba Ciru,

Wifi yangu, dada yako, alinipigia simu wiki iliyopita. Alichoniambia unakijua, maana nadhani wewe ndiye uliyemtuma. Nitafika huko. Usiniharakishe. Ulikuwa na tabia hiyo, nikianza tu kusimulia jambo unataka niruke nifike mwisho. Leo utangoja. Kwanza nataka tukumbushane habari za vikombe.

Barua hii naiandika wazi, na atakayeisoma na aisome. Hapa Alief, mtaa wetu wa Houston, watu wa kanisa letu bado wananiuliza, "Mama Ciru, Baba Ciru anarudi lini?" na mimi nimechoka kujibu "karibuni" huku nikitafuta funguo za gari kwenye mkoba. Heri wajue yote mara moja kuliko kuyaokota vipande vipande mlangoni pa kanisa.

Unaikumbuka ile kadi ya zawadi? Wakati huo nilikuwa bado msaidizi katika makao ya wazee, sijaanza hata masomo ya uuguzi. Binti wa mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha alinipa kadi akasema niende na mume wangu tukajifurahishe. Ilikuwa ya studio ya vyombo vya udongo, kwenye ile safu ya maduka upande wa pili wa barabara kuu. Wewe uliona neno pottery ukakata shauri hapo hapo: "Hiyo ni matope. Vaa kitu old." Basi Jumapili tukatoka kanisani tumependeza, tukarudi nyumbani makusudi kuvua nguo nzuri na kuvaa mbovu. Wewe ukavaa ile suruali yako ya kazi, mimi nikajifunga leso juu ya gauni lililotoboka kwapani.

Tulipofungua ule mlango wa kioo nilitamani ardhi ipasuke. Wenzetu wote walikuwa wamevaa za kutokea. Wasichana wamejipaka lipstiki, wapenzi wameketi wawili wawili, muziki wa taratibu unapiga, na hakuna hata tone la matope mahali popote. Vyombo vilikuwa vimekwisha kufinyangwa na kuchomwa mara ya kwanza. Vilipangwa kwenye rafu mpaka karibu na dari, vyeupe vyote, vikavu kama chaki. Kazi ya mteja ilikuwa kuchagua kimoja na kukipaka rangi, basi, halafu wao wakichome tena.

"Ati tunafanya nini?" ukaninong'oneza.

"Tunapaka rangi."

"Wacha mchezo. Nime-paint apartment Gulfton wiki mzima, na Sunday unanileta ku-paint tena?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Kweli ndiyo iliyokuwa kazi yako. Mtu akihama kwenye yale majengo ya Gulfton, wewe na ndoo zako mnaingia, na kufikia jioni kuta zote zina ile rangi moja isiyo nyeupe wala isiyo ya maziwa. Ulikuwa unarudi nyumbani na madoadoa kwenye nyusi. Nilidhani utanuna, lakini ulivuta kiti, ukachagua kikombe, na katika rangi zote zilizokuwa pale, nyekundu, kijani, zambarau, ukachukua ile ile ya Gulfton. Ukaanza kukipaka kwa utaratibu wako, ukingo kwanza, kisha tumbo, brashi ikienda upande mmoja tu. Yule msichana wa studio, mwenye miwani iliyorukiwa na rangi, alipita akatuambia tupake mara tatu. Ulimwitikia kwa adabu. Alipogeuka ukaniambia, "Coat mbili zinatosha. Huyu hajui kazi."

Mimi changu nilikichora maua ambayo mpaka leo hakuna aliyeyatambua kuwa ni maua.

Tulipokaribia kumaliza, msichana alirudi akasema tuandike majina yetu chini, ili wakitoa vyombo kwenye tanuri wajue kipi ni cha nani. Akatuonya tuangalie vizuri tusikosee, kwa sababu kinachoandikwa kabla ya moto hakifutiki baada ya moto. Wewe hukusita. Ukageuza kikombe chako, ukaandika kwa herufi ndogo nadhifu: Baba Ciru. Kisha ukanisukumia kopo la rangi nyeusi.

"Na wewe, Mama Ciru, unangoja nini?"

Hakukuwa na Ciru. Nasema kwa ajili ya wanaosoma, maana wewe unajua. Mimi ni mtu wa Voi, desturi yenu niliikuta nilipoolewa Nakuru: binti wa kwanza huitwa jina la mama yake mume. Mama yako ni Wanjiru, na Wanjiru kwa mkato ni Ciru, basi mambo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Siku ya harusi mama alinishika mikono yote miwili akasema, "Karibu nyumbani, Mama Ciru." Kuanzia hapo hakuniita lingine. Wewe ukaliokota kwake, na tulipokuja Houston watu wa kanisani wakaliokota kwako. Mtoto alikuwa na jina kabla hata sijakosa siku zangu mara moja. Nilikuwa naitika, na nilikuwa naona fahari kuitika. Nikaandika: Mama Ciru.

Baada ya wiki tulirudi kuvichukua. Changu kiling'aa, maua yangu yasiyo maua yamewaka rangi. Chako kilikuwa na michirizi mwili mzima, udongo unachungulia, kwa sababu ya coat zako mbili. Nilikuwa bado nafungua mdomo nikuchambue msichana alipovigeuza kusoma majina, akauliza ni lugha gani ile. Ukamweleza vizuri sana, kwamba kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake. Uso wake ukachanua. Akashika kifua, akauliza Ciru ana umri gani.

Nilikungoja ucheke. Nilikungoja useme hapana, bado, ni desturi tu.

"Three," ukasema. "She's three."

Nilipaswa kukukanyaga mguu. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukiongeza kwamba ni mkaidi ajabu, hataki kuchanwa nywele. Msichana akauliza anapenda rangi gani.

"Yellow," ukasema.

"Blue," nikasema mimi, wakati ule ule.

Tukatazamana.

"Ciru anapenda yellow, wewe."

"Utajuaje? Uko job kila time. Mimi ndio nashinda na yeye. Ni blue."

"Hata sweater yake ni yellow!"

"Sweater si ulinunua wewe! Hakukuwa na size ingine!"

Watu waligeuka. Hatukuwa tunaigiza, Baba Ciru, hilo ndilo ninalotaka ulikumbuke. Mimi nilikuwa nimekasirika kweli. Nilikuwa na uhakika, kabisa, kwamba mtoto yule alipenda buluu na kwamba wewe humjui. Msichana, ambaye hakuelewa kitu ila majina ya rangi, alicheka akasema basi aje achague mwenyewe. Akaenda kwenye rafu akaleta kisahani cheupe kidogo, akakifunga kwa magazeti, akanipa. Zawadi ya Ciru, akasema. Tumlete Jumamosi, siku ya watoto, akipake.

Tulipofika kwenye gari ulikiweka kiti cha nyuma. Hukukiweka kwenye buti pamoja na vikombe, ulikiweka kwenye kiti. Ukaendesha polepole, wewe ambaye kwenye barabara ya Bellaire kila mtu alikuwa akikupigia honi kwa kasi yako. Tukafika taa nyekundu ya karibu na nyumbani.

"Sawa basi," ukasema, macho mbele. "Blue."

Nikalia hapo. Nililia na kucheka, ukanishika goti mpaka taa ikawa kijani na walio nyuma wakaanza kelele. Katika miaka yote niliyokaa nchi hii sijawahi kupendwa kama nilivyopendwa kwenye ile taa.

Kisahani hatukukirudisha studio. Tulikiweka juu ya friji, ndani ya magazeti yake. Lakini kwa muda mrefu Ciru alikuwa nasi nyumbani, unakumbuka? Ukikuta sukuma imebaki unasema Ciru amekataa tena mboga. Nikichelewa kazini nakukuta umenifunikia ugali, unaniambia tusipige kelele mtoto amelala. Tulikuwa watu wazima wawili wenye akili timamu, na tulikuwa na furaha. Kisha tukaanza kwenda kwa madaktari, na baada ya madaktari hakuna aliyemtaja tena. Sijui ni nani kati yetu aliyeacha kwanza. Vipimo havikusema shida iko kwa nani, na tulishukuru kutojua. Sasa najua haikuwa kwako.

Halafu mama yako akaugua. Wewe ni mwanaume wa pekee kwenu, nani angekuambia usiende? Karatasi zako za masomo, zile ulizoingilia nchi hii, zilikuwa zimepitwa na muda, na wote wawili tulijua kwamba mtu akitoka hivyo kurudi si kazi ndogo. Tulijua, na tukazungumza kama watu wasiojua. Mimi nilikuwa katikati ya masomo ya uuguzi. Ulisema nimalize kwanza, utakuwa umerudi. Usiku wa kuamkia safari ulichukua kikombe chako chenye michirizi, ukakizungushia sweta, ukakitia kwenye mkoba wa mkononi. "Nitakunywia chai kila asubuhi," ukasema. Na mama umkorogee chai yake, nikasema, nikijifanya naangalia zipu.

Wakati ule tulikuwa tunapiga simu kwa zile kadi za kukwaruza. Mwanzoni zilikuwa haziishi kwenye droo. Tuliongea mpaka yule mama wa kwenye mashine anatuingilia kutuambia dakika zinakwisha. Mama akapona kidogo, akaugua, akapona. Wewe ukafungua duka la rangi. Duka likataka mtu wa kulikalia. Simu zikawa za Jumapili, kisha za sikukuu. Hatukugombana hata siku moja, na naona afadhali tungegombana. Mtu akigombana ana kitu anachokishikilia.

Nimemaliza masomo. Mimi ni muuguzi sasa, ulijua? Kazini wananiita kwa jina la kwenye beji. Nikirudi nyumbani hakuna wa kuniita kwa lolote. Nawasha televisheni nikiwa jikoni ili sauti iwepo tu, hata sijui wanasema nini. Ugali wa mtu mmoja bado haujanikubali. Mkono unapima unga wa wawili, na asubuhi natia kiporo kwenye chombo naenda nacho kazini, wenzangu wanadhani napenda sana ugali. Nina upweke, Baba Ciru. Nimezunguka zunguka ili nisiliandike neno hilo, na limekuja lenyewe.

Sasa simu ya wifi.

Ilikuwa mchana, nimetoka tu kuosha vyombo. Wifi ni mtu wa kelele, lakini siku hiyo alikuwa anaongea pole pole.

"Wifi, nataka usikie kwangu kabla usikie kwa watu," akasema. "Kuna mtoto. Amezaliwa wiki jana. Ni girl."

Kuwa kuna mwanamke nilikwisha kuhisi. Mtu huhisi. Nilijikaza kisabuni, nikauliza kama mama na mtoto wako salama. Nikauliza kilo, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nikauliza kama ananyonya vizuri. Jina sikuuliza.

Jina wifi akaligusa mwenyewe, "Wifi, unajua ni mila. Si kwamba walitaka ku-hurt mtu."

"Najua ni mila," nikamwambia.

"Sasa wifi, sisi tutakuwa tunakuita nani?"

Nilimwambia kuna mtu anagonga mlango.

Hakuna aliyekuwa anagonga. Nilirudi kwenye sinki, nikachukua kikombe changu, nikakigeuza, nikachukua sifongo ya chuma tunayosugulia sufuria. Nilisugua. Nilitia sabuni ya unga, nikasugua tena, nikiwaza juu ya kikombe chako kule Nakuru. Mkeo wa huko anakiosha kila siku. Bila shaka alikwisha kukigeuza akasoma, labda akadhani uliandika kwa ajili ya tumbo lake. Nilikasirika mpaka nikaona kiza. Wanaume wanaweza kuchukua jina wakaondoka nalo kwenye mkoba wa mkononi, likafika upande wa pili, likapata mwenyewe. La kwangu limebaki chini ya kikombe, na mtoto si wangu. Nilisugua mpaka kidole kikachubuka. Herufi hazikupungua hata nukta. Yule msichana alituambia.

Nilikaa sakafuni pale jikoni kwa muda mrefu. Nilipoinua macho niliona magazeti juu ya friji.

Jumamosi nilikwenda. Studio bado ipo, ila msichana wa miwani aliondoka zamani, kuna kijana mwenye ndevu. Ilikuwa siku ya watoto kweli, kelele tupu, vidole vya rangi kila mahali. Nilikuwa mtu mzima pekee bila mtoto pembeni. Kijana akaniuliza kwa upole kama namngoja wangu. Nikasema hapana, yuko mbali, nampakia mimi. Alipofungua magazeti akashangaa magazeti yenyewe yalivyozeeka, kisha akapangusa vumbi kwa sifongo yenye maji akaniambia kisahani hakina neno.

Nilikuwa nimekwenda na buluu kichwani. Taa ile nyekundu ulinikubalia, na neno ni neno. Niliimimina kabisa. Halafu nikakumbuka tulivyogombana, na nilichokutupia mbele za watu, kwamba hujui mtoto kwa sababu hushindi naye. Sasa anayeshinda naye ni wewe.

Nikaosha brashi. Nikachukua manjano.

Nimepaka mara tatu, si mbili. Nimezungusha ukingo polepole, nikangoja ikauke, nikarudia. Chini nimeandika Ciru, peke yake, bila baba wala mama, maana chombo ni chake. Wiki hii nimekichukua. Kimetoka manjano kali, ile ya kiini cha mayai ya kienyeji, na sikujua kama nitaweza kutoka nacho pale mlangoni, lakini niliweza. Nilikiweka kiti cha nyuma.

Kitakuja kwa mkono wa wifi. Barua hii haitakuwa ndani yake. Mkeo hajanikosea, na sitaki afungue zawadi ya mtoto akutane na machozi yangu. Mwambie tu ni cha Ciru, kilikuwa chake tangu zamani, kilichelewa. Aanzie uji. Akikivunja msimgombeze.

Na wewe nakuaga hapa. Nimekungoja hata baada ya kujua kwamba hakuna wa kungojwa, na leo naacha. Mbebe mtoto vizuri. Najua kwenu baba humwita binti huyo "mami" kwa sababu ya jina alilobeba, na najua sauti utakayoitumia, kwa sababu niliisikia ukiitumia kwa mtoto aliyelala chumba ambacho hatukuwa nacho. Msalimie bibi yake.

Lile swali la wifi nimelipatia jibu. Mjulishe. Kwetu Kenya watu wawili wakiwa na jina moja, hakuna anayenyang'anywa. Kila mmoja huitwa kwa mahali anapokaa, na maisha yanaendelea. Mimi jina langu niliandika kabla ya moto, na nimejaribu kulifuta, halifutiki. Basi mwambie aendelee kuniita vile vile, aongeze tu mtaa.

Ni mimi,
Mama Ciru wa Alief